Kubadili faili kwa amri bila kula bando: mwongozo kwa steshenari za Kahama, Katoro na Shinyanga

Katika steshenari nyingi za Kahama, Katoro na Shinyanga mjini, jioni ya siku ya mwisho ya kutuma maombi huwa ni ileile. Mteja kaja na vyeti alivyopiga picha kwa simu. Barua ya maombi iko kwenye Word. Mfumo unataka PDF. Faili likipakiwa linarudi na ujumbe mwekundu: ni kubwa mno, au aina yake haikubaliki. Saa 6:00 usiku mlango unafungwa.

Hapo ndipo wengi hutafuta mtandaoni tovuti ya kubadili faili bure na kubonyeza ya kwanza inayotokea. Faili linapanda polepole, matangazo yanaruka huku na huku, bando linakata katikati, kazi inaanza upya.

Kumbe kazi yote hiyo inaweza kufanyika ndani ya kompyuta yenyewe, intaneti ikiwa imezimwa, kwa kuandika mstari mmoja kwenye lile dirisha jeusi ambalo watu wengi hulikimbia. Programu zake ni za bure, zinapakuliwa mara moja tu, na baada ya hapo hazidai bando tena.

Mahitaji ya kazi hii yamekua kwa sababu karatasi za serikali zimehamia mtandaoni. Anayeomba kazi kupitia Ajira Portal anapakia vyeti. Anayesajili kampuni BRELA anachapa fomu, anaisaini, anaiskani na kuirudisha. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB anarudisha kurasa zilizosainiwa na kugongwa mhuri. Mzabuni wa halmashauri anaingia NeST, mfumo wa manunuzi ulioanza kutumika mwaka 2023. Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Kakola, leseni ya PML nayo inapitia kwenye mfumo wa Tume ya Madini. Kila mfumo una kikomo chake cha ukubwa wa faili, na kikomo hicho huandikwa pale pale pa kupakia. Kisomwe kwanza.

Faili linakwenda wapi?

Tovuti ya bure haibadilishi faili kwenye kompyuta ya steshenari. Mara nyingi inalichukua, inalipeleka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, aghalabu nje ya nchi, inalibadili huko, kisha inalirudisha. Nakala iliyobaki huko inakaa muda gani, na nani anaifungua, ni suala la kuamini maneno ya mwenye tovuti.

Sasa fikiria kilichomo ndani ya nyaraka za siku moja tu katika steshenari ya Katoro. Namba ya NIDA na picha ya mwenye kitambulisho. Sahihi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Makubaliano ya mgao wa duara, yakionyesha nani anapata asilimia ngapi. Ramani yenye koordineti za eneo ambalo bado halijaombewa leseni. Hiyo ya mwisho peke yake mwombaji hangependa imfikie mtu mwingine kabla yake.

Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver nchini Marekani ilitoa onyo kuhusu tovuti na programu za bure za kubadili faili: baadhi zilikuwa zinarudisha faili likiwa na programu hasidi ndani, na nyingine zilichota taarifa za watu kutoka kwenye faili lililopakiwa. Si zote ziko hivyo, lakini kijana wa kaunta hana namna ya kuzitofautisha.

Upande wa nyumbani kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inawagusa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Steshenari inayopokea vitambulisho kutwa nzima haiwezi kusema haihusiki.

Amri ni nini hasa

Amri ni sentensi fupi ambayo mtumiaji anaiandikia kompyuta. Inataja programu, kazi inayotakiwa na jina la faili. Hakuna kubonyeza menyu. Faida yake kubwa haionekani kwenye faili moja, inaonekana kwenye mafaili 80, kwa sababu mstari uleule unayafanyia kazi yote wakati mtu anahudumia mteja mwingine.

Kwenye Windows, njia rahisi ya kufungua dirisha hilo ni kuingia kwenye folda yenye mafaili, kubofya sehemu ya juu inayoonyesha anwani ya folda, kufuta kilichopo, kuandika cmd na kubonyeza Enter. Dirisha jeusi linafunguka likiwa tayari limesimama ndani ya folda hiyo. Wengi hukwama kwa sababu dirisha lao liko folda nyingine, halafu kompyuta inawaambia faili halipo.

Kutoka Word kwenda PDF

Programu ya kufanyia hili ni LibreOffice. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, programu ambayo Watanzania waliwahi kuifanyia kazi kubwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Leo wengi huiona LibreOffice kama mbadala tu wa Word kwa asiye na leseni, bila kujua kwamba inaweza kufanya kazi bila hata kufungua dirisha lake.

Kwanza kompyuta ielezwe programu iko wapi. Kwenye Windows:

set PATH=%PATH%;C:\Program Files\LibreOffice\program

Kisha faili moja linabadilishwa hivi:

soffice --headless --convert-to pdf barua.docx

Neno headless hapo ndilo linaloiambia programu ifanye kazi kimyakimya. Sekunde chache baadaye barua.pdf inakaa pembeni ya barua.docx, na ile ya mwanzo haiguswi. Kwa folda nzima:

for %f in (*.docx) do soffice --headless --convert-to pdf --outdir PDF "%f"

Mstari huu unachukua kila faili la Word na kuweka PDF zake kwenye folda iitwayo PDF. Kwa mwalimu mwenye barua za wazazi 120, au kikundi cha akina mama kinachoandaa viambatisho vya mkopo wa halmashauri, ni tofauti ya nusu siku na muda wa kunywa chai.

Kuna mtego mmoja unaowakatisha watu tamaa siku ya kwanza. LibreOffice ikiwa imefunguliwa kwenye skrini, amri inaweza kupita bila kosa lolote na bila kutoa kitu. Ifungwe kwanza.

Mtego wa pili ni fonti. Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti ndani yake, linabeba jina la fonti tu. Barua iliyoandikwa kwa Calibri ikifika kwenye kompyuta isiyo na Calibri, LibreOffice hutumia Carlito, fonti iliyotengenezwa kuwa na vipimo vilevile, kwa hiyo mistari haihami. Lakini tangu mwaka 2023 Microsoft ilianza kuifanya Aptos kuwa fonti ya kawaida ya Word, na kompyuta isiyo nayo inaweza kuweka fonti yenye upana tofauti. Ndiyo maana CV iliyokuwa kurasa mbili nyumbani kwa mteja inatoka kurasa tatu kaunta, sahihi ikiwa peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Mteja akiulizwa atasema steshenari imemharibia. Dawa ni kubadili fonti ya waraka kabla, au kumwomba mteja atengeneze PDF kwenye kompyuta alikoandikia.

Excel inabadilika kwa amri hiyohiyo, ila jedwali pana hukatwa vipande: majina ukurasa wa kwanza, mahudhurio wa tano. Ukurasa uwekwe kulala na jedwali lilazimishwe kuenea kwenye upana mmoja wa karatasi kabla ya kubadili. Amri haiwezi kukisia hilo.

Picha za vyeti: hapa ndipo penye kazi

Maombi mengi hayakwami kwenye barua. Yanakwama kwenye vyeti, kwa sababu watu hupiga picha kwa simu na kila picha ina uzito wa megabaiti kadhaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27 na urefu wa inchi 11.69. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inakuwa na pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa nukta 150 inakuwa 1240 kwa 1754, yaani milioni 2.2 hivi. Nukta zimepungua nusu, lakini pikseli zimebaki robo. Na kwa cheti cha kusomwa kwenye skrini, nukta 150 zinatosha kabisa.

Programu ya picha inaitwa ImageMagick, iliyoanza mwaka 1987 na bado inahudumiwa. Inaweza kupunguza picha, kuzigeuza ziwe wima na kuziunganisha kuwa PDF moja, vyote kwa mstari mmoja:

magick cheti*.jpg -auto-orient -resize 1240x1754 -quality 75 -units PixelsPerInch -density 150 vyeti.pdf

Sehemu ya density isiachwe. Bila hiyo picha ya simu inaweza kujidai ni bango la ukutani, na ukurasa wa PDF ukatoka na ukubwa wa meza. Kwenye skrini hauonekani tofauti, ila ukichapwa au ukipitishwa kwenye programu nyingine ya kubana, mambo yanaharibika.

Majina ya picha yapangwe kwa tarakimu mbili: cheti01, cheti02, hadi cheti10. Kompyuta ikiona cheti1, cheti2 na cheti10 inaweza kuanza na cheti1, ikarukia cheti10, ndipo irudi cheti2. Cheti cha form four kikatangulia mbele ya barua.

Picha kutoka iPhone zenye mwisho wa HEIC nazo hubadilishwa hivi:

magick picha.heic picha.jpg

Na mteja anayetuma vyeti kwa WhatsApp aombwe avitume kama waraka, si kama picha. Vikitumwa kama picha WhatsApp huvibana, na mhuri wa shule uliofifia tangu mwanzo unapotea kabisa. Ukungu ulioingia huko hakuna amri ya kuuondoa.

Ikiwa PDF ipo tayari ila ni nzito, Ghostscript ndiyo inayobana. Kwenye Windows jina lake ni gswin64c, kwenye Linux ni gs:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Neno ebook linashusha picha hadi nukta 150. Lipo pia screen, linaloshusha hadi 72, na printer, la 300. Kishawishi cha kutumia screen ni kikubwa maana faili linakuwa jepesi kama unyoya, lakini namba ndogo kwenye kitambulisho hazisomeki, na alama ya QR kwenye hati inaweza kukataa kuskaniwa. Maombi yakikataliwa kwa sababu kiambatisho hakisomeki, hakuna aliyeokoa kitu.

Hati yenye sahihi ya kielektroniki isibanwe. Ghostscript huliandika faili upya, na sahihi ya aina hiyo hufa palepale, hata kama kwa macho waraka unaonekana uleule.

Kuunganisha PDF zilizopo ni kazi ya pdfunite, iliyomo kwenye kifurushi cha Poppler. La mwisho kuandikwa ndilo faili jipya:

pdfunite barua.pdf cv.pdf vyeti.pdf maombi.pdf

Hapa umakini unahitajika. Ukisahau kuandika jina la faili jipya, programu inachukua la mwisho kwenye orodha kuwa ndilo la kuandikia, na vyeti vya mteja vinafunikwa. Nakala za mwanzo zikae folda yao. Pale karashani hakuna anayemwaga viroba vya maduara mawili pamoja halafu akatafuta chake, na mafaili yaheshimiwe vivyo hivyo.

Nyang'hwale na tatizo la alama ndogo ya juu

Miongozo ya lugha nyingine haizungumzii hili, lakini huku Kanda ya Ziwa linatokea kila wiki. Geita ina wilaya iitwayo Nyang'hwale. Majina ya Kisukuma kama Ng'wandu yamejaa kwenye kila orodha. Ile alama ya ritifaa, ndogo kiasi hicho, inasumbua kompyuta kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kwenye jina la faili. Linux, Termux na PowerShell huchukulia ritifaa kama mwanzo wa maneno yaliyonukuliwa. Mtu akiandika

soffice --headless --convert-to pdf taarifa_Nyang'hwale.docx

dirisha linaonyesha alama ya > na kukaa kimya. Halijaganda. Linangoja alama ya kufungia. Bonyeza Ctrl na C kutoka, kisha jina liwekwe ndani ya alama za kunukuu:

soffice --headless --convert-to pdf "taarifa_Nyang'hwale.docx"

Njia hiyohiyo inatibu majina yenye nafasi katikati, kama "CV mpya ya mwisho.docx". Kila fundi ana faili la jina hilo.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani mapema. Word hupenda kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Orodha ikigeuzwa kuwa CSV, kisha ikafunguliwa na programu inayotumia mfumo wa zamani wa herufi, Ng’wandu anatoka Ngâ€™wandu. Orodha ya wanakikundi 60 ikipakiwa hivyo kwenye mfumo, jina kwenye mfumo halifanani na la NIDA, halifanani na la benki. Kusahihisha jina baada ya kuingia kwenye mfumo ni safari, na mara nyingine ni hati ya kiapo kwa wakili.

Kwa hiyo Excel ikibadilishwa kuwa CSV, LibreOffice iambiwe waziwazi itumie UTF-8, mfumo wa herufi wa kisasa. Tarakimu 76 hapa chini ndiyo inayosema hivyo:

soffice --headless --convert-to csv:"Text - txt - csv (StarCalc)":44,34,76 orodha.xlsx

Tarakimu 44 ni mkato unaotenganisha safu, 34 ni alama ya kunukuu. Amri hii inatoa karatasi ya kwanza tu ya Excel, kwa hiyo mwenye karatasi tatu asidhani zote zimo.

Kwenye Linux au Termux, ritifaa zilizopinda hunyooshwa hivi:

sed "s/’/'/g" orodha.csv > orodha-safi.csv

Na orodha iliyotoka kwenye mfumo wa zamani ikiwa bado haijaharibika huhamishwa hivi:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.csv > mpya.csv

Baada ya hapo orodha ifunguliwe na kutafutwa herufi â. Ikionekana hata moja, usipakie.

Kurudi nyuma: PDF kwenda Word

Wateja huomba hili kila siku, na hapa steshenari isiahidi sana. PDF, iliyoanzishwa na Adobe mwaka 1993, ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile kila mahali. Mara nyingi haikumbuki aya wala jedwali. Inajua tu kwamba herufi hii iko sehemu hii ya karatasi. Kuirudisha kuwa Word ni kukisia. LibreOffice inajaribu:

soffice --headless --infilter="writer_pdf_import" --convert-to docx mkataba.pdf

Kinachotoka huwa maandishi yaliyomo kwenye visanduku vidogovidogo. Kinafaa kurekebisha neno moja, si kuandika upya mkataba. Kama kinachotakiwa ni maneno tu, pdftotext ni nyepesi na safi zaidi, na neno layout huisaidia kutunza mpangilio wa safu:

pdftotext -layout mkataba.pdf mkataba.txt

Ikitoa faili tupu, basi PDF hiyo ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, haina herufi ndani. Inahitaji programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Inayotumika sana ni Tesseract, iliyotengenezwa na HP kuanzia miaka ya 1980 na kuachiwa wazi mwaka 2005. Kiswahili kimo, kwa jina la swa. OCRmyPDF huitumia hivi:

ocrmypdf -l swa+eng skani.pdf skani-inasomeka.pdf

Waraka unabaki na sura yake, ila sasa unatafutika na kunakilika. Swa na eng ziwekwe pamoja kwa sababu barua nyingi za ofisi huchanganya lugha hizo mbili. Kisukuma hakimo kwenye lugha za Tesseract, kwa hiyo majina ya watu na vijiji yahakikiwe kwa macho, moja moja. Mwandiko wa mkono, kama daftari la mgao wa mawe, isipewe kabisa. Itatoa kitu, lakini kitu hicho ni uongo.

Pandoc

Kwa mwandishi, mwanafunzi au mtu wa ripoti, ipo pandoc. Ilianzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Inahamisha maandishi kati ya Word, HTML, EPUB, maandishi ya kawaida na miundo mingine mingi. Haisomi PDF. Uzuri wake kwa ofisi ni huu:

pandoc ripoti.md --reference-doc=kielelezo.docx -o ripoti.docx

Kielelezo ni faili la Word lenye fonti, pambizo na kichwa cha barua cha ofisi. Ripoti yoyote inayopita hapo inavaa sura hiyo. Kwa anayetaka kubadili barua kwenda PDF tu, pandoc ni mzigo wa bure, maana inahitaji programu nyingine kubwa ili itoe PDF. Abaki na LibreOffice.

Asiye na kompyuta

Simu ya Android inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi ya vyeti. Programu ya Termux, inayopatikana F-Droid, inaleta dirisha la amri kwenye simu. Baada ya kuiweka:

termux-setup-storage
pkg install imagemagick ghostscript poppler

Ya kwanza inaipa Termux ruhusa ya kuona mafaili ya simu. Ya pili inaleta ImageMagick, Ghostscript na Poppler, na amri zilizotajwa juu zinafanya kazi zilezile. Bando linahitajika hapo tu, kwa hiyo ni vizuri kufanya mapema, si usiku wa siku ya mwisho. LibreOffice haimo kwenye vifurushi hivyo vitatu, hivyo amri yake ya kubadili faili la Word haitafanya kazi hapo.

Kabla ya kupakia

Amri moja ya mwisho huchukua sekunde moja:

pdfinfo maombi.pdf

Inaonyesha idadi ya kurasa, ukubwa wa karatasi na uzito wa faili kwa baiti. Kurasa zikiwa 7 wakati mteja alileta 8, kuna cheti kimeachwa. Kikomo kikiwa megabaiti 2 na pdfinfo ikasema baiti 2,300,000, faili halitapita.

Maombi yakishatumwa na mteja akapewa nakala yake kwenye flashi, folda yake ifutwe kwenye kompyuta ya kaunta, na pipa la taka limwagwe pia. Folda ya Downloads nayo ikaguliwe, kwa maana ndiko vinakobaki vitambulisho vya watu wa miezi mitatu iliyopita.